Mlango wa Mninga wa Thieta ya Taifa

Jumatatu, 14 Julai

Mlango umefika! Umetoka Itigi juu ya lori la magunia, umelazwa kama mgonjwa. Mninga mtupu. Fundi Abraham amechonga juu: THIETA YA TAIFA, SINGIDA. Chini, kwa herufi za unyenyekevu: Mwasisi, Mwalimu Ignas. Nilimwagiza herufi ndogo. Zimetoka kubwa kuliko za juu. Sikulalamika. Fundi naye ni msanii.

Limebaki jengo tu.

Mke wangu Rahel ameuliza mlango huo utakaa wapi. Nimesema ukutani, kwa muda. Ameuliza ukuta upi. Nimeuegemeza wa mbele, ukaziba dirisha la jikoni. Rahel amewasha taa saa sita mchana na kuniuliza kama huu ndio usiku wa utamaduni ninaouandika magazetini.

Nilikuwa na barua mkononi. Mtendaji wa kata ameileta mwenyewe. Kamati ya watu watatu kutoka Dodoma inazunguka nchi kukusanya maoni: taifa lahitaji thieta ya namna gani, na je, thieta hiyo inahitaji jengo? Itakaa hapa Sepuka Jumamosi ya tarehe 26. Kila mkoa utapeleka wazo moja Dodoma. Moja!

Je, inahitaji jengo! Swali gani hili? Benki ina jengo. Mahakama ina jengo. Kuku wa Rahel wana jengo, tena la bati. Maigizo tu ndiyo yalale nje?

Andiko langu lina kurasa sitini na moja. Nimelitoa nakala kwenye mashine ya duka langu mwenyewe hadi mashine imeanza kunuka. Nani wa kunishinda mkoa huu? Hakuna.

Yupo mmoja. Selina.

Selina ni fundi cherehani. Ana kikundi cha watu saba. Miaka kumi na moja wanaigiza kwenye vumbi, nyuma ya uwanja wa mnada wa ng'ombe, bila ukumbi, bila jukwaa, bila hata turubai. Na watu wanafurika. Amewaharibu. Wamezoea kufurahi bila utaratibu.

Jumanne, 15 Julai

Mpango wa kwanza. Jengo halijengwi kwa siku kumi na moja, lakini linaazimwa. Simeoni, shemeji yangu, ana mashine ya kukamua alizeti na ghala kubwa kando yake. Nilikwenda asubuhi. Nilimwambia historia inamwita. Akauliza inamwita saa ngapi, maana mchana anauza mashudu.

Amekubali, kwa masharti. Nisiguse magunia ya upande wa kushoto. Nisitoboe ukuta.

Tukapima. Mlango wangu: futi saba kwa upana. Tundu la ghala: futi tano.

Simeoni alicheka mpaka akaishika mashine. Amesema, shemeji, mlango huu nao unahitaji mlango wa kuingilia. Wateja wake watatu wakacheka pia, na mmoja simjui hata kwa sura. Nimewajibu kwamba kila taifa kubwa lilianza na kitu kisichoenea. Nitafute mfano baadaye.

Alhamisi, 17 Julai

Upelelezi. Mtu hupigana na adui anayemjua. Nilikwenda kuyatazama mazoezi ya Selina nyuma ya nyumba yake, nikajificha kwenye ua wa minyaa. Mahali pazuri. Unaona, huonekani.

Niliona nini? Niandike ukweli, daftari hili halisomwi na mtu.

Mchezo ni wa mjane na shemeji yake. Mjane ana shamba la alizeti. Shemeji ana ng'ombe. Alizeti imeliwa. Ng'ombe anakana, yaani mwenye ng'ombe anakana. Mjane ni Selina. Shemeji ni Peniel, dalali wa mbuzi, mrefu, mwenye sauti inayofika Ikungi bila kupanda gari. Na ng'ombe ni Eliana, muuza vitunguu.

Eliana! Nilitegemea ngozi, pembe, mkia wa katani. Hakuvaa kitu. Alikuwa na kanga yake ile ile ya sokoni. Alisimama, akashusha bega moja, akaanza kutafuna. Basi. Akatafuna huku akimtazama mjane kwa ile subira ya ng'ombe aliyeshiba shamba lako na hana la kukuambia. Nimesoma vitabu vya nadharia vinavyojaa kabati mbili. Hakuna aliyenieleza kwamba mtu anaweza kugeuka ng'ombe kwa taya peke yake. Nilijikuta namchukia yule ng'ombe. Halafu nikamhurumia. Kisha nikaingiza kichwa zaidi kwenye ua ili nione vizuri.

Utomvu wa mnyaa ukaingia jichoni.

Nilipiga kelele ambayo Peniel mwenyewe hana. Mchezo ulisimama. Walinitoa uani wakiwa wamenishika mikono, Selina akaniosha macho kwa ndoo nzima ya maji. Hakucheka. Alisema tu, pole kaka Ignas, siku nyingine pita mbele, hapa hatuna mlango wa kukuzuia.

Maneno ya dharau! Kesho nitayajibu. Leo sioni vizuri.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya mnada. Jicho la kulia limefunguka.

Mpango wa pili: kuwashinda uwanjani kwao. Wana desturi yao. Peniel anachora duara kwenye vumbi kwa fimbo ya kuchungia. Watu wanasimama kuzunguka. Mchezo hauna mwisho ulioandikwa. Ugomvi unaendelea mpaka mtu wa nje aulaze ufito au fimbo yake ndani ya mstari. Hapo waigizaji wote wanaganda. Mwenye fimbo anasema shauri lake. Wao wanaliigiza shauri hilo papo hapo, watu wauone mwisho wake. Likienda kombo, mwingine analaza fimbo. Kwa Selina, mtazamaji ndiye mwamuzi. Vurugu tupu.

Nilipanga kulaza fimbo yangu na kutoa hotuba. Dakika tano tu. Kichwa: Aibu ya Taifa Lisilo na Paa. Nilikuwa nimeikariri.

Watu wangapi? Sikuhesabu. Wafugaji waliomaliza kuuza, wanawake wa mitumba, madereva wa pikipiki, wazee waliovaa makoti kwa sababu ya upepo huu wa Julai. Walisimama tabaka tabaka, wafupi mbele, na hakuna aliyewapanga. Nilichukia jinsi walivyojipanga vizuri.

Mjane alipoliita jina la marehemu mumewe na kumuuliza kama shamba ni la nani sasa, mama mmoja pembeni yangu aliacha beseni lake la karanga likamwagika, hakuinama kuokota. Mimi nilikanyaga karanga zake, nami sikuinama. Ndipo Peniel akasema kwa utulivu kwamba mjane hana mpaka, mpaka ni wa wanaume. Hata mbuzi wa mnadani walinyamaza, naapa.

Nikalaza fimbo!

Wakaganda. Selina akageuka, akanikaribisha kama mzee wa baraza, akaniuliza nasemaje juu ya alizeti yake. Nilifungua kinywa niseme juu ya paa la taifa. Nikasema: "Ng'ombe ni wako mpaka mavuno mengine! Mchukue nyumbani!"

Sijui yalitoka wapi. Jamani, yule mwanamke alikuwa ameonewa!

Watu wakapiga vigelegele. Nilivimba kifua. Wakaliigiza shauri langu. Mjane akampeleka ng'ombe kwake. Ng'ombe akala majani ya ua. Akala kanga iliyoanikwa. Kisha Eliana akainua shingo, taratibu, akatazama juu, akala paa la nyasi la nyumba ya mjane. Akalimaliza. Mjane akabaki na kuta na ng'ombe.

Mnada mzima ulinigeukia. Mzee Urbano, jirani yangu, anayeheshimika kuliko mti wa mahakamani, alijifuta machozi akasema, Mwalimu, wewe unayetutafutia paa, mbona umelilisha ng'ombe?

Nilirudi nyumbani bila fimbo. Niliisahau duarani. Ni lazima nikiri: sijapata kuona mchezo mzuri namna ile, na mbaya zaidi, mimi nilikuwa ndani yake. Fikiria ungekuwa na viti!

Jumapili, 20 Julai

Viti! Ndiyo jibu. Baada ya ibada nilimwomba mzee wa usharika mabenchi arobaini ya kanisa. Nilieleza kwamba ni kwa ajili ya taifa. Aliuliza kama taifa litayarudisha Jumamosi hiyo hiyo, maana Jumapili kuna ubatizo. Nimesaini.

Rahel anasema niwaache watu na duara lao, maana halimsumbui mtu na haliombi benchi. Nimemweleza kwa upole kwamba kijiji kinaweza kucheza kwenye vumbi, taifa haliwezi. Akauliza tofauti iko wapi. Nikasema taifa lina wageni. Akasema basi jengo ni la wageni. Nikasema si hivyo. Akasema basi ni vipi. Nikatoka kwenda kuukagua mlango.

Jumanne, 22 Julai

Mpango wa tatu, na huu ni mwerevu hata mimi unanitisha. Selina akiigiza uwanjani mbele ya kamati, nimekwisha. Akiigiza ghalani, ndani ya jengo, jengo litapata sifa yote. Atakuwa amenibebea tofali bila kujua.

Nilikwenda kwake na uso wa huzuni. Nilimwambia kiongozi wa kamati, Mama Magdalena, ana kifua. Vumbi likimgusa hapumui. Daktari amekataza kabisa uwanja wa mnada. Ni uongo. Simjui huyo mama, sijamwona hata kwenye picha.

Nilitegemea ubishi. Nilikuwa na hoja kumi na nne mfukoni. Selina aliacha cherehani, akashika shavu, akasema masikini, mtu mzima, na safari yote hiyo! Amekubali kuingia ghalani bila neno la pili. Aliuliza jambo moja tu: na fimbo je?

Nikasema fimbo zitabaki nje, kwenye mlango. Ndani ni mahali pa heshima. Nani ameona watu wakiingia na fimbo za ng'ombe mahali pa heshima?

Akanitazama kidogo. Akasema sawa, kaka.

Ushindi! Ila ule mtazamo wake sikuupenda. Ni ule ule wa Eliana akitafuna.

Ijumaa, 25 Julai

Siku ya kubeba. Mabenchi yamefika kwa mikokoteni ya punda. Nimeyapanga safu mbili na njia katikati, yote yakitazama upande mmoja. Mbele nimeweka jukwaa la mapaleti ya mbao. Nikasimama pale peke yangu, nikatazama ghala, machozi yakanitoka. Simeoni anasema ni harufu ya mashudu. Anisamehe, mimi najua machozi yangu.

Mlango: haujaenea, na ukuta hautobolewi. Nimeuning'iniza kwa waya mbele ya tundu, kwa nje. Watu watapita ubavuni. Si kasoro. Ni ukumbi wenye mlango mkubwa kuliko mahitaji yake ya sasa. Taifa linakua.

Kesho! Sitalala.

Jumamosi, 26 Julai

Niandike kwa mpangilio. Mabega yote mawili yanauma. Sababu inakuja.

Saa tatu na nusu kamati ilifika. Mama Magdalena ni mwanamke mfupi wa miaka sabini hivi, mwenye mwavuli mweusi na viatu vya kutembea. Sikujua kwamba Selina, kwa wema wake, aliitangazia Sepuka nzima habari za kile kifua. Mama alishuka garini, mtu wa kwanza akamwambia shikamoo mama, pole na kifua, akampa chupa ya asali. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alileta tangawizi. Mama alishangaa, akaitikia marahaba, akapokea. Alipofika kwenye mlango alikuwa na chupa tano na ameanza kukohoa kwa adabu.

Alizaliwa Mgori, mkoa huu huu, amesema. Amekulia kwenye vumbi. Nilijifanya sikusikia.

Watu waliingia. Ndipo mambo yakaanza kwenda upande.

Waliona mabenchi. Wakavua kofia. Wanaume wakakaa kulia, wanawake kushoto, bila kuambiwa. Fimbo zote, kama nilivyoamuru, ziliegemezwa nje, rundo kubwa kama kuni. Kina mama wakanyamazisha watoto. Mzee Urbano akasimama, akafungua kwa sala ndefu iliyogusa mvua, viongozi na mifugo. Alipomaliza, mtu akasema na Waislamu nao watoe dua, ili haki itendeke. Ikatolewa. Yote yakaitikiwa amina. Kisha watu wakakunja mikono wakasubiri neno.

Nilisoma andiko langu. Ukurasa wa kwanza hadi wa tisa. Utulivu wa ajabu! Nilidhani ni kuvutiwa.

Selina na wenzake wakapanda jukwaani. Peniel aliingia na ule mwendo wake wa tajiri wa mbuzi, ambao mnadani humwangusha mtu kwa kicheko. Hakuna aliyecheka. Alijikwaa makusudi, akaanguka kwenye magunia ya mashudu, miguu juu. Ghala zima likasema kwa sauti moja: "Pole!"

Eliana akatafuna. Wanawake wakainamisha vichwa. Mmoja alifikiri Eliana anaumwa jino.

Ugomvi ukaanza. Alizeti imeliwa. Hakuingia ng'ombe wangu. Aliingia. Hakuingia. Wakafika pale mjane anapouliza shamba ni la nani, pale ambapo fimbo huwa inalazwa. Peniel akasubiri. Akarudia. Ng'ombe wangu hakuingia. Selina akarudia. Aliingia. Niliona watu wakijipapasa mapajani, mikono ikitafuta fimbo. Fimbo zilikuwa nje. Mzee Urbano akanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la tatu, kuomba ruhusa ya kusema. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa shughuli. Nikamwambia maswali yatakuwa mwisho.

Mwisho! Mchezo ule hauna mwisho usiotoka kwa watu!

Ukaendelea. Nusu saa. Saa nzima. Hakuingia, aliingia. Sauti ya Peniel ilianza kukwaruza. Eliana aliyatafuna mate yake mpaka taya likamkaa upande. Vumbi la alizeti lilipanda, watu wakapiga chafya, na kila chafya ikapewa pole yake. Wajumbe wawili wa kamati walilala. Mama Magdalena hakulala. Alinitazama mimi. Hakutazama jukwaa hata kidogo.

Baada ya saa moja na robo Selina akasimama katikati ya sentensi. Sijawahi kuona mtu anasimama vile. Alikuwa bado mjane, si Selina, na uchovu wake ulikuwa wa mjane. Akasema: "Shemeji, hapa hatuna wa kutuamua. Twende kwenye fimbo." Akamshika ng'ombe pembe ambayo haipo, akashuka jukwaani, akapita katikati ya mabenchi. Peniel nyuma yake, akipiga kelele kwamba hakubali. Na ghala zima likainuka! Kofia zikarudi kichwani. Wazee walikimbia. Mzee Urbano alikimbia, mtu wa magoti mabovu.

Nilikimbilia mlangoni kuwazuia. Hapo Selina, badala ya kupita ubavuni kama wengine, aliusukuma mlango wangu. Waya ukakatika.

Niliudaka kwa nje. Futi saba za mninga. Ningeuachia ungemwangukia Mama Magdalena, aliyekwisha kutoka na kukaa chini, kwenye vumbi, amekunja miguu, mwavuli mapajani. Sikuwa na pa kuuegemeza. Watu walishanizunguka. Peniel alishachora mstari. Mimi na mlango tulikuwa katikati ya duara.

Nilinong'ona nisaidiwe. Hakuna aliyenisikia, au walinisikia. Selina alikuja mbele ya mlango wangu, akaunyoosha mkono, akagonga.

"Hodi!"

Mtu akikupigia hodi utafanyaje? Nimelelewa. Nilijibu karibu.

Duara lilianguka kwa kicheko. Kicheko cha ndani, kile kilichokaa kimefungiwa ghalani saa nzima. Tangu hapo nilikuwa mzee mwenye nyumba. Mjane aligonga, akaleta kesi. Shemeji aligonga, akaleta uongo. Kila hodi nilijibu, kila karibu watu walivunjika mbavu. Peniel aliniuliza kama nyumba yangu ina chumba cha wageni. Nikamwambia, bila kufikiri, nyumba hii ni mlango tu, ukiingia umetoka. Sijui nani aliniambia niseme hivyo. Ni kinywa changu mwenyewe! Eliana akaja, akalamba mninga, akautafuna ufito wa pembeni, akaniangalia. Nilimfukuza kama ng'ombe, kwa kweli kabisa, kwa mguu. Ilibidi mguu. Mikono ilikuwa na kazi.

Ndipo Selina akashusha sauti. Akauliza lile swali lake. Sasa mimi nina shamba, au nina kaburi tu? Nami nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Niliona mishipa ya shingo yake. Mwanamke anayenishonea suruali! Kwa muda ule sikumjua. Nilimjua mjane tu. Mikono yangu iliacha kuuma.

Fimbo ya Mzee Urbano ikalala kwenye mstari. Juu yake ukalala mwavuli mweusi. Mama Magdalena! Alimwashiria mzee atangulie. Mzee Urbano akasema: hakuna wa kumpa ng'ombe, hakuna wa kumnyang'anya. Mpande minyaa kwenye mpaka, wote wawili, kwa mikono yenu, na sisi tuone mkipanda.

Wakaanza kupanda. Lakini minyaa itoke wapi? Peniel alimshika mkono Simeoni, shemeji yangu mwenyewe, akamsimamisha kwenye mpaka. Selina akamsimamisha mama wa karanga. Mmoja upande huu, mmoja ule. Wengine wakaingia wenyewe bila kuitwa, wakasimama bega kwa bega, mikono juu kama minyaa. Mzee Urbano akasimama. Rahel wangu akasimama! Ua ukatoka kwenye mlango wangu, ukaenda mpaka karibu na mashine, ukarudi upande wa pili. Eliana alijaribu kila mahali kupita. Hakupata. Mwisho akalala chini, ng'ombe aliyekubali.

Ua wenyewe ulikuwa umepindapinda. Niliona mara moja. Hakuna aliyetumia kamba.

Watu walipiga makofi mpaka wale wajumbe wawili wakaamka ghalani na kutoka mbio wakidhani ni moto.

Jumapili, 27 Julai

Siwezi kunyanyua kijiko. Rahel ananilisha. Anasema mabega yameniuma kwa kazi ya maana kwa mara ya kwanza tangu tuoane.

Mchana Mama Magdalena alipita kunisalimu kabla ya kuondoka. Nilimwamkia, nikamwomba radhi kwa vumbi. Akasema kifua chake hakijambo, na ana asali ya mwaka mzima. Nilimkabidhi andiko. Alilipima kwa mkono, akauliza kama kuna nakala fupi.

Kisha akasema jambo. Amesema katika kazi yake amehudhuria ufunguzi wa kumbi nyingi, na akirudi mwaka wa pili anakuta ni stoo za viti vya plastiki. Hachukii majengo. Mvua ikinyesha ni mvua. Lakini anataka kwanza aone watu ambao, ukiwanyima nyumba, bado watakusanyika, na ukiwapa, nyumba itafuata umbo lao. Jana amewaona. Atakwenda kuandika kwamba Singida imempa jibu. Kikundi cha Selina kitaliigiza Dodoma mwezi ujao, kwenye uwanja wa wazi, bila mabenchi. Na fimbo ziletwe.

Nililitazama andiko langu mkononi mwake.

Akaongeza kwamba Selina ameweka sharti moja. Hawaendi bila yule mzee mwenye nyumba. Na mlango wake.

Jumatatu, 28 Julai

Nimelifikiria jambo hili usiku kucha na sasa naliona wazi. Nimeshinda!

Tutazame hoja. Kamati iliuliza kama thieta inahitaji jengo. Imeona michezo miwili. Ghalani, kulikuwa na jengo, hakukuwa na mlango kwa ndani: mchezo ulikufa. Nje, kulikuwa na mlango: mchezo ukawa mkubwa. Tofauti ni nini? Mlango! Mlango wangu! Selina mwenyewe amekiri, hawezi kwenda Dodoma bila huo. Miaka kumi na moja ya vumbi, na alichopungukiwa ni mninga.

Nilikwenda kumweleza Selina. Alikuwa anashona. Alinisikiliza hadi mwisho, akauma uzi, akasema ndiyo, kaka Ignas, bila wewe tungekuwa watu saba, sasa tupo wanane. Kisha akasema nije mazoezini Alhamisi, nipite mbele, nisipite kwenye minyaa.

Watu wanane! Hiyo ni taasisi.

Nilipotoka kwake nilijiuliza swali ambalo hakuna mwanazuoni aliyejiuliza. Pale duarani watu waliingia kwangu kwa hodi, vizuri kabisa. Walitokaje? Ovyo! Kila mtu kwa upande wake! Dodoma itatucheka.

Nimempigia Fundi Abraham Itigi. Nimeagiza mlango wa pili. Mninga ule ule, futi saba. Juu: KUTOKEA. Chini, kwa herufi ndogo, mwasisi yule yule.

Rahel hajui. Jiko bado lina dirisha la nyuma.